Mhariri, hayo magari yachambuliwe kwanza ndo yasagwe

Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua nijibu ile makala yenu ya yadi za magari mabovu. Mengi yaliyosemwa mle sibishani nayo, oili inayozama ardhini ni kweli, betri zinazovuja asidi ni kweli, matairi yanayotuamisha maji mpaka mbu wanahamia ni kweli kabisa. Ila mwandishi wenu akaja akasema yale magari ni takataka tu na yanachelewa kwenda kusagwa, hapo ndo akanigusa, manake mimi wikiendi zangu nyingi zimeishia ndani ya hizo takataka nachambua spea za magari ya kale, begi la spana mgongoni na grisi mpaka kwenye kiwiko.

Wengi wakimuona mtu anazunguka yadi wanadhani anatafuta injini. Wapi! Injini mara nyingi ndo kitu cha mwisho kuhangaikia. Chukua Volkswagen ile ya mgongo wa kobe, zilitengenezwa zaidi ya milioni 21 na ya mwisho ilitoka kiwandani Mexico mwaka 2003, kwa hiyo pistoni zake, gasketi, kebo ya klachi, vyote hivo unaagiza vipya na vinakufikia mlangoni. Kisichopatikana kirahisi ni vile vidude vidogo vya gari ambalo halikupendwa sana, ambavyo hamna mwenye kiwanda atakaewasha mashine kwa ajili yake: kile kimkono cha kuzungusha kioo kishuke, swichi ya taa yenye rangi ileile ya dashibodi, kava la taa ya nyuma, ule utepe unaong'aa ubavuni, spidomita. Na hata hiyo Volkswagen yenyewe, ukikuta ya kabla ya Machi 1953, yenye kioo cha nyuma kilichogawanyika vipande viwili, hata kama limebaki bati la nyuma tu, siku hiyo usingizi hauji.

Vitasa na nembo ndo usiseme. Zamani vingi vilimwagwa kwa zinki halafu vikapakwa kromu juu, na hiyo zinki ikianza kuoza inatoa vipele chini ya kromu kama ngozi yenye upele, kuirudishia ni kazi ya mtu mwenye subira na hela za kuchezea. Kwa hiyo kitasa kimoja kizima kilichokaa kivulini miaka 40 ndani ya gari ambalo kila mtu kalipita, hicho ni mali, na kinaingia mfukoni.

Halafu kuna Land Rover, hii naomba watu wailewe vizuri. Zilipoanza mwaka 1948 chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, ndo bodi wakaijenga kwa aluminiamu na chesesi ikabaki chuma. Matokeo yake leo ukiikuta yadi chesesi imeliwa na kutu unaitoboa kwa bisibisi lakini milango na madigadi bado yanadai, labda pale tu aluminiamu ilipogusana na chuma ndo utakuta unga mweupe. Sasa mtu wa skrepa aluminiamu anaipenda kuliko chuma manake kilo yake ina bei zaidi, yani kilekile ambacho mwenye Land Rover angekililia ndo kinachotangulia kwenye tanuru. Na nati za zile za mwanzo ni za kipimo cha zamani cha Kiingereza kinaitwa Whitworth, spana za milimita hazikai, ukilazimisha unaviringisha kichwa, kwa hiyo sisi hata nati hatutupi, tunazitia kwenye kopo na tunaandika kopo limetoka gari gani.

Mashine ya kusagia sasa haijui habari hizo. Ndani ina nyundo zinazozunguka kwa kasi, gari linaingia zima linatoka vipande vya kushika mkononi, sumaku inavuta chuma upande wake na vingine vinachambuliwa upande mwingine. Dakika chache tu. Kuna yadi moja nilikuta Peugeot 404, ile ya kuanzia 1960 yenye vipembe viwili nyuma, na taa zake za nyuma zote mbili zilikuwa hazina hata ufa. Bisibisi niliyokuwa nayo haikufaa na screw zilikuwa zimeshika kutu, nikazipulizia mafuta ya kulegeza nikasema nitarudi, na mwenye yadi akanijibu vizuri tu kwamba hamna shida fundi, njoo. Nikarudi baada ya siku mbili. Nikaonyeshwa gari limeshabanwa limekuwa bonge la chuma ukubwa wa meza, na kwenye ubavu wake kumechomoza kipande chekundu cha plastiki kama ulimi. Sikugombana nae, ni mali yake, ila njia nzima ya kurudi sikuongea.

Mtu atasema hayo ni magari mabovu ya nani, hata yakisagwa nani atayakumbuka. Mwaka 2009 Marekani serikali ililipa watu wapeleke magari yao ya zamani wapate mapya, na kwa muda usiofika hata miezi miwili yakaondoka magari kama 677,000. Masharti yalisema injini iuawe kabisa, oili inamwagwa, wanatia maji ya sodiamu siliketi (kemikali inayoganda kama kioo ikipata joto), injini inaungurumishwa mpaka inashika na kufa, halafu gari linatakiwa libanwe au lisagwe ndani ya siku 180. Magari yaliyozidi miaka 25 hayakuruhusiwa kuingia, kwa hiyo watu wa vya kale wakashusha pumzi. Lakini piga hesabu. Gari la 1985 siku ile lilikuwa gari la kawaida la kwendea sokoni, leo limevuka miaka 30, na 30 ndo umri ambao FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, wanaanzia kuhesabu gari kuwa la kihistoria. Yani wamesaga vintage za leo wakiziita mkweche, na sisi leo tunafanya hivohivo kwa za kesho.

Na wanaosema usafi wa mazingira na uchambuaji haviendi pamoja, Ulaya wana sheria ya mwaka 2000 ya magari yaliyokwisha, inataka tangu 2015 asilimia 95 ya uzito wa gari itumike tena au irudishwe kwenye matumizi kwa njia nyingine, na kukifungua kitasa kikaenda kufanya kazi kwenye gari jingine kunahesabiwa humo humo. Hamna tanuru, hamna moshi. Ni usafi huo huo.

Lakini na sisi wachambuaji tusijifanye watakatifu. Kuna wenzetu wanavunja kioo kizima ili wafikie kitasa, kuna anaekata nyaya zote kwa kisu kwa ajili ya swichi moja (swichi bila soketi yake na kipande cha waya ni pambo tu), kuna wanaoingia chini ya gari lililowekwa juu ya mawe, hao nawaogopa hata kuwaangalia. Kabureta linatoka na vimikono vyake vyote, springi zake na kile kipande cha kuzuia joto chini yake, na unapiga picha kabla hujagusa kitu, ukilitoa peke yake umetoa uzito tu. Wengine pia ni walimbikizaji, wana chumba kimejaa dashibodi na hawamuuzii mtu. Mimi hapo nanyamaza, mke wangu anasoma gazeti lenu. Na kile kibati cha namba ya chesesi jamani hakiuzwi chenyewe, anaetaka kibati bila gari anataka kulibatiza gari la wizi, mwenye yadi amkatalie na auze kila kitu kwa risiti.

Ninachoomba ni kidogo sana. Yadi ikiamua kupeleka magari kusagwa, itoe siku 30 kabla, ibandike orodha getini, aina ya gari na mwaka basi. Mafuta, oili na betri vitolewe siku ya kwanza ili watu wasifungue spea huku wanakanyaga petroli. Baada ya hapo wenye spana waingie mchana, wapime walichotoa kwenye mzani na walipe juu ya bei ya skrepa, mwenye yadi hapotezi hata senti, kitasa kimoja atapata hela ambayo mlango mzima kwa kilo usingempa. Siku ya 31 mashine iingie, na hata mimi nitasimama pembeni kuangalia.

La mwisho Mhariri, ile picha mliyoweka kwenye makala. Pale kushoto nyuma ya rundo la matairi kuna gari limegeuza mgongo, na vile vipembe viwili sivifananishi na kitu kingine. Namuomba mwandishi wenu kama bado ana namba ya yule mwenye yadi amuulize tu kama halijasagwa, na kama taa za nyuma zipo. Hata moja. Ya kulia ikiwezekana.

Msomaji wenu,
mwenye begi la spana