Salamu za Sikukuu ya Mashujaa

Wazee wetu, ndugu zangu na vijana, pokeeni salamu za Mashujaa. Mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni, nawatakia siku njema pamoja na jamaa zenu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana wa Kenya, Mwingereza Evelyn Baring, alitangaza hali ya hatari ili kuwazima Mau Mau, wapigania uhuru wetu, na usiku huo msako ukawakumba akina Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kila sikukuu hii ikifika, mjadala ule hurudi mezani: Mwingereza alitutesa, sawa, lakini si alituachia reli na shule? Hesabu hiyo siikubali. Hiyo reli yenyewe iliwaua vibarua wapatao 2,500 kutoka Bara Hindi. Na hata ingejengwa bila tone la damu, ingefuta vipi yaliyotokea katika kambi ya Hola? Tarehe 3 Machi 1959 wanaume 11 waliokuwa kizuizini huko walipigwa hadi kufa kwa kukataa kazi ya shuruti, kisha serikali ikatangaza kwamba walikufa baada ya kunywa maji.

Mwaka 2013 Waziri William Hague aliliambia Bunge la Uingereza kwamba serikali yake inasikitishwa na mateso yale, na wahanga 5,228 wakapangiwa fidia. Mfalme Charles alipofika Nairobi mwaka 2023 alikiri kuwa ukatili ule hauna udhuru. Radhi yenyewe hakuomba.

Nasi tuna deni letu. Marufuku ya mkoloni dhidi ya Mau Mau tuliiacha katika sheria zetu hadi mwaka 2003, miaka 40 tukiwa huru! Wazee waliotoka msituni walizeeka wakihesabiwa kuwa wanachama wa kundi haramu. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mama Mukami, mjane wake, aliaga dunia Mei 2023 akiwa bado hajakabidhiwa mwili wa mumewe auzike.

Basi leo, gwaride likiisha na chakula kikiandaliwa, kaeni na bibi na babu. Waulizeni walikuwa wapi miaka ile: msituni, kizuizini, katika vijiji vya kulazimishwa, au upande wa homugadi, wenyeji waliomlinda mkoloni. Jibu lolote lipokeeni bila kuwakatiza, na mkiruhusiwa, warekodini kwa simu.

Heri ya Mashujaa kwenu nyote. Na ninyi mnaotafuta hadi leo kaburi la mtu wenu, poleni sana. Tuko pamoja nanyi.