Wagonjwa wa kisukari tupimwe macho siku hiyohiyo ya kliniki

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani wa hapa Ngamiani, Tanga. Kazi yangu kubwa ni kanzu, na mteja wa kanzu hatazami mshono wa ubavuni, anatazama darizi ya shingoni. Mwaka juzi, siku chache kabla ya Idi, nilikuwa nadarizi kanzu nyeupe nikaona uzi mweusi umedondokea kifuani. Nikaupangusa, haukutoka. Nikaitoa kanzu barazani penye mwanga nikaikung'uta, uzi upo palepale. Nilipoinua uso kutazama ukuta wa jirani, nao ukapanda ukutani. Kijana ninayemfundisha kazi alikuwa ananitazama tu. Mwishowe akasema, "Babu, hapo hapana uzi."

Kulipokucha jicho la kulia lilikuwa limejaa moshi. Ilikuwa damu, imevujia ndani ya jicho, na sikuwa nimesikia hata mchonyoto.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Kufikia siku ile nilikuwa na miaka tisa tangu niambiwe nina kisukari, na kliniki siikosi. Napanga foleni, natobolewa kidole, napimwa presha na uzito, naulizwa kama miguu inakufa ganzi, naambiwa nipunguze wali, nachukua vidonge vyangu naondoka. Katika miaka yote tisa hakuna aliyenitia matone akatazama nyuma ya jicho. Mara moja tu nilisomeshwa herufi za ukutani, nikazisoma mpaka mstari wa chini, nikaambiwa macho yangu mazima. Hospitali siitaji, wala sina ugomvi na wauguzi wake. Ni wachache mno kwa umati ule. Nalalamikia utaratibu.

Maana kumbe kusoma herufi hakutoshi. Daktari wa macho aliyenipokea baadaye alinieleza kwa lugha ya kazi yangu. Nyuma ya jicho kuna utando mwembamba, retina, ndio unaopokea picha, na umetandazwa mishipa ya damu myembamba kuliko uzi wowote ninaoujua. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa ile hulegea ikavujisha maji na damu, mingine ikaziba. Sehemu iliyokosa damu huotesha mishipa mipya, lakini hiyo ni ya ovyo, kama uzi uliooza. Ikiguswa kidogo hukatika. Presha ikiwa juu nayo, mambo huharakishwa. Muda wote huo hakuna maumivu, hakuna wekundu, na herufi unaweza kuzisoma zote. Siku unayoanza kuona nyuzi na moshi, ugonjwa umeshakomaa.

Na mimi niliusaidia kujificha. Nguvu ya macho ilipoanza kupungua nilikwenda kununua miwani ya kusomea kwenye meza ya mtaani. Wiki moja naona vizuri, natunga uzi kwenye sindano kwa mara ya kwanza tu. Wiki ya pili miwani ileile inanikataa. Nikanunua nyingine, na nyingine tena. Nina pea nne kwenye droo ya cherehani. Sikujua kwamba sukari ikipanda na kushuka, hata lenzi ya jicho lenyewe hubadilika kwa kuvuta maji, na nguvu ya miwani inayokufaa hubadilika nayo. Mwenye kisukari angoje sukari itulie wiki kadhaa ndipo apimiwe miwani. Wauza miwani hawatakwambia, na siwalaumu, nao wanatafuta riziki.

Matibabu yapo. Kuna miale ya leza, inayochoma pembeni mwa retina ili kuinusuru sehemu ya katikati tunayosomea. Kuna sindano ya ndani ya jicho, na hapa naomba niseme kidogo, maana najua watu walioandikiwa wakakimbia. Unatiwa matone ya ganzi, kope zinashikwa kwa kibanio usipepese, unaambiwa utazame juu. Unasikia kama umebonyezwa kwa ncha ya kidole, basi. Kinachoudhi ni kurudi tena na tena, mwanzoni karibu kila mwezi, na nauli yake. Dawa niliyochomwa mimi inaitwa bevasizumabu. Ilitengenezwa kwa ajili ya saratani, na tangu 2013 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa matumizi ya macho. Lakini daktari hakunidanganya. Alisema, "Mzee, hapa tunazuia. Kilichokwisha kuharibika sikuahidi kukirudisha." Jicho la kulia sasa linaona vivuli. La kushoto liliwahiwa, na hilo ndilo linalonilisha.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahusika ni dogo. Aliyegundulika na kisukari cha ukubwani apimwe retina palepale anapogundulika, kwa sababu sukari huenda imeshakaa mwilini miaka bila yeye kujua, kisha apimwe kila mwaka. Mtoto au kijana mwenye kisukari cha kutegemea insulini aanze miaka mitano baada ya kuugua. Mama mwenye kisukari akishika mimba asingoje zamu yake, apimwe mapema. Na upimaji huo ufanyike siku ya kliniki, jengo hilohilo. Ukimwambia mtu arudi Alhamisi dirisha la macho, na siku hiyo ana mzigo sokoni, harudi. Nami nisingerudi.

Wala si ndoto. Kilimanjaro walianza mwaka 2010 kuizungusha kamera ya retina kwenye kliniki za kisukari, badala ya kumngoja mgonjwa aifuate. Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinisomea habari za Uingereza: walianza mwaka 2003 kuwapiga picha za macho wagonjwa wa kisukari kila mwaka, na mwaka 2014 ikatangazwa kwamba England na Wales kisukari si tena sababu ya kwanza ya upofu kwa watu wa umri wa kufanya kazi. Kilikuwa kimeshika nafasi hiyo miaka hamsini hivi. Wale wana fedha, sawa, ila picha yenyewe huchukua dakika chache, na anayeipiga si lazima awe daktari.

Wagonjwa wenzangu nao wasiyakimbie matone. Yanawasha kidogo, mboni inapanuka, na kwa saa nne mpaka sita unaona ukungu na jua linakuchoma. Nenda na mtu wa kukushika mkono, na bodaboda siku hiyo usiendeshe, upakiwe.

Ndugu Mhariri, tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, gazeti lenu huwa linatuandikia kuhusu chumvi, sukari na mazoezi. Safari hii mtumeni mwandishi akakae kwenye benchi la kliniki yoyote asubuhi moja, awahesabu waliotoka na matone machoni, atuandikie idadi yao.

Fundi wa kanzu,
Ngamiani, Tanga