Kupunguza volteji ya prosesa kwa kompyuta mpakato zinazopata joto kupita kiasi

Kiangazi kinapokolea hapa Dodoma, kompyuta nyingi tunazoletewa huwa na malalamiko yanayofanana: feni hainyamazi, sehemu ya chini haishikiki kwa joto, na chaji haidumu. Sisi huanza na vumbi, kwa kuwa vumbi la huku ni jembamba na huziba mapezi ya kipozeo hata pale ambapo feni yenyewe inaonekana safi. Baada ya usafi na kubadilisha pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu za kompyuta) hadi kwenye kipozeo, ndipo tunapozungumzia volteji, yaani msukumo wa umeme unaoingia kwenye prosesa.

Kiwandani, prosesa hupangiwa volteji yenye akiba, ili hata ile iliyo dhaifu kuliko nyingine za aina yake ifanye kazi bila kuyumba. Kwa hiyo nyingi zinaweza kufanya kazi ileile, kwa kasi ileile, zikiwa na volteji pungufu. Umeme unaotumika transista, yaani swichi ndogo sana zilizo ndani ya prosesa, zinapowaka na kuzima hufuata mraba wa volteji. Ukipunguza volteji kwa asilimia 10 na kasi ikabaki ilivyo, umeme huo hupungua kwa takriban asilimia 19, na joto hushuka nao. Hata hivyo, tunapenda mteja ajue mapema kwamba skrini na vifaa vingine vinaendelea kutumia umeme wao, hivyo anayechapa barua tu atapata nafuu ndogo kuliko anayehariri video au kuchora ramani za majengo.

Kwa prosesa za Intel zinazoruhusu, tunatumia programu ya ThrottleStop na kushusha volteji milivolti 10 kwa kila hatua. Kila tunaposhusha, tunaibebesha prosesa hesabu nzito kwa muda mrefu, kisha tunaiacha itulie bila kazi, maana zipo zinazohimili mzigo lakini zikaganda zinapopumzika. Ikiganda, tunapandisha tena na kuacha nafasi ya usalama. Hatukubali kuacha kompyuta ukingoni: volteji ikipungua mno, prosesa inaweza kukosea hesabu pasipo kutoa onyo lolote, na faili la tasnifu au la mahesabu ya duka likaharibika kimyakimya. Ndiyo sababu namba aliyopewa mtu na rafiki yake, hata kama mashine zao ni za toleo moja, hatuitumii.

Si kila kompyuta inakubali huduma hii. Mwaka 2019 watafiti walionyesha shambulio lililoitwa Plundervolt, ambalo lilitumia njia hiyohiyo ya kubadilisha volteji kwa programu kuvunja ulinzi wa SGX, yaani sehemu iliyotengwa kutunza data za siri ndani ya prosesa za Intel. Masasisho yaliyofuata yalifunga mlango huo kwenye kompyuta nyingi. Tukikuta umefungwa, hatuurudishi mfumo wa BIOS (programu ya msingi inayoiwasha kompyuta) kwenye toleo la zamani ili kuufungua, na kwa mashine ya ofisi tunaomba kwanza idhini ya mhusika wa TEHAMA.

Kabla ya kuja, tafadhali hifadhi nakala ya faili zako na ulete chaja unayoitumia kila siku. Katika siku za mwanzo hatuipangi ThrottleStop ijiwashe yenyewe. Kompyuta ikiganda, izime kabisa na uiwashe upya, nayo itarudi kwenye volteji yake ya kiwandani. Kisha ilete tuipime tena.