Nyati hasikii baiskeli inapokuja

Mhariri,

Wengi wanaoendesha baiskeli katika mbuga ya wanyama ya Hell's Gate, Naivasha, huhofia mteremko na kumsahau nyati. Baiskeli haina mlio; ukikata kona ya vichaka kwa kasi unamfumania hatua chache tu, naye akishtuka hushambulia. Piga kengele kabla ya kona, na mwendo uwe wa kukuwezesha kusimama ndani ya umbali unaouona. Ukimkuta njiani, rudi nyuma taratibu umpishe.

Kwenye vumbi la volkano, breki ya mbele ikibanwa ghafla gurudumu huteleza. Shusha kiti, peleka uzito nyuma, punguza mwendo kabla ya mteremko, si katikati. Beba tyubu ya akiba na viraka: miiba ya migunga haina huruma. Nao wanaokodisha baiskeli wakague breki kila asubuhi, tafadhali!

Mwendesha baiskeli,
Naivasha