Ndege za uwanja mfupi: mita si hesabu yote

Kwa Mhariri,

Kila ndege ya kijeshi inapotua kwenye kiwanja kidogo huku magharibi mwa Kenya, swali la kwanza kinywani mwa watu ni urefu wa uwanja. Mtu anasikia kwamba ndege za aina hii zinatosheka na mita 300, anautazama uga wa shule ya jirani, na papo hapo anaamua kwamba hata pale itatua, tena usiku. Sisi ambao kazi yetu ilikuwa kuzihudumia ndege hizi tunaomba nafasi tueleze kwa nini hesabu hiyo ni ya hatari.

Mita 300 za kitabuni zilipimwa usawa wa bahari, kwenye lami kavu iliyo sawa, joto la nyuzi 15, upepo umetulia. Kitale iko yapata futi 6,000 juu. Mamlaka ya anga ya Uingereza imewapa marubani wa ndege ndogo kanuni nyepesi ya kuongeza urefu wa kurukia: kila futi 1,000 za mwinuko, asilimia 10, kila nyuzi 10 za joto juu ya kiwango, asilimia 10, nyasi zilizolowa, asilimia 30, halafu jumla yote izidishwe kwa 1.33 iwe akiba. Chukua kalamu, kila nyongeza uikokotoe juu ya jibu lililotangulia. Mwinuko wa Kitale peke yake unaigeuza 300 kuwa 531. Usiku wa nyuzi 13 mwenyeji anavaa sweta, lakini kwa hewa ya futi 6,000, ambayo kiwango chake ni nyuzi 3, huo ni usiku wa joto, nyuzi 10 juu ya kiwango, kwa hiyo tumefika 585. Nyasi zikilowa umande, 760. Akiba ikiongezwa, mita 1,011. Ndege kubwa za kijeshi zenye injini za tabo (jamaa ya injini ya jeti, ila inazungusha pangaboi) zina majedwali yake na tarakimu zake, ila zote huvutwa upande huo huo.

Upepo nao una hesabu yake. Ukiivuma ndege kutoka nyuma kwa sehemu moja tu ya kumi ya kasi yake ya kuacha ardhi, ongeza asilimia 20. Kwa ndege inayoruka kwa kilomita 100 kwa saa, huo ni upepo wa kilomita 10, ambao hauwezi hata kukuvua kofia. Wakazi wa Kisumu wanajua kwamba mchana upepo hutoka ziwani, na usiku hugeuka ukateremka kutoka milima ya Nandi kuelekea majini. Aliyepanga taa za njia ya ndege saa kumi na moja jioni kwa kuutazama mfuko wa upepo, kufikia saa sita usiku atakuwa amezipanga kinyume.

Tusieleweke vibaya: ndege hizi ni kazi ya uhandisi inayostahili sifa. Jeshi la Wanahewa la Kenya, lililoundwa 1 Juni 1964, limerusha Beaver, kisha Caribou, kisha Buffalo, zote kutoka kiwanda cha de Havilland cha Kanada. Siri yao iko kwenye bawa. Nyuma kuna flapu ndefu zinazoshuka zikiacha nafasi nyembamba, hewa ipenye na kushikamana na mgongo wa bawa hata ndege inapokwenda polepole. Tairi ni nene na hazijazwi upepo mwingi, zisikate ardhi laini. Kwenye ndege za tabo pangaboi linaweza kugeuza pembe likasukuma hewa mbele, ndege ikasimama haraka. Lakini kila kifaa kina deni lake. Pangaboi likigeuzwa kwenye kiwanja cha murram kilichokauka, vumbi linatangulia mbele ya ndege, taa za kutulia zinalimulika, na rubani anabaki anatazama ukuta mweupe wakati bado ana mwendo.

Wanaotaka kujua kazi hii ilivyofanywa na wasio na chombo chochote cha kuonea gizani, waitazame Lysander ya Waingereza katika Vita vya Pili. Ilikuwa ya injini moja, mabawa ya mita 15 yamewekwa juu ya chumba cha rubani, na mbele ya bawa kulikuwa na vibao vinavyofunguka vyenyewe kasi inapopungua. Zile za usiku zilifungwa tangi la ziada la galoni 150 tumboni na ngazi ya chuma ubavuni kushoto, ili abiria apande na kushuka bila kusaidiwa. Kuanzia Oktoba 1940 zilikuwa zikitua mashambani Ufaransa chini ya pua ya Wajerumani, kuwashusha wapelelezi na kuwachukua wengine. Zilikwenda karibu na mwezi mpevu tu, takriban wiki moja kabla na wiki moja baada, kwa sababu rubani alisoma mito na reli kwa macho.

Na taa zilikuwa ngapi? Tatu. Tochi za mfukoni zilizofungwa kwenye vijiti, zikapangwa kama herufi L iliyopinduliwa. Ya kwanza ilikaa mahali pa kugusa chini. Ya pili ilikuwa mita 150 mbele yake, upande upepo unakotoka. Ya tatu mita 50 kulia kwa ile ya pili. Mkuu wa watu wa chini alimulika herufi ya Morse, yaani mimweko mifupi na mirefu, waliyokubaliana; herufi ikiwa nyingine, ndege ilirudi ilikotoka. Ikiwa sahihi, rubani aligusa chini kando ya taa ya kwanza, akafunga breki kabla ya kufika ya pili, akageuka kulia kati ya ya pili na ya tatu, akarudi kwa magurudumu hadi ya kwanza na kuelekeza pua kwenye upepo tena. Watu walimsubiri kushoto kwa taa ya kwanza, upande wa ngazi. Injini haikuzimwa. Dakika chache baadaye alikuwa angani.

Tazama sasa kilichowaangusha. Lysander ilikuwa na kasoro ya mkia: kwa kutulia, bawa dogo la mkia lilirekebishwa ili pua iinuke. Rubani akighairi kutua na kusukuma injini hadi mwisho kabla ya kulirudisha, pua ilipanda kwa nguvu ambayo mikono yake haikuweza kuishinda, kasi ikaisha, bawa likaacha kubeba. Usiku wa 16 Desemba 1943 Lysander zilirudi Uingereza zikakuta ukungu umevifunika viwanja vya nyumbani. Mbili zikaanguka na marubani wake wakafa, ilhali mashamba ya adui walikuwa wameyamaliza salama. Na Februari 1944, karibu na Bletterans mashariki mwa Ufaransa, ndege kubwa zaidi aina ya Hudson ilitua vizuri kabisa kisha ikazama kwenye tope. Wanakijiji walikuja na majembe, farasi na ng'ombe, wakachimba mbele ya magurudumu na kuivuta hadi ikatoka. Urefu wa shamba ulitosha. Ardhi ndiyo iliyokataa.

Hapo ndipo tunapotaka wasomaji wa huku watue. Uwanda wa Kano, kuanzia Kibos hadi Ahero, ni wa udongo mweusi. Januari ni mgumu, umepasuka nyufa, na kwa macho unafanana na uwanja uliosawazishwa na Mungu mwenyewe. Mvua ya siku mbili ikinyesha, gurudumu la gari dogo halipiti, sembuse la ndege. Jaribio la zamani bado linafaa: tembea njia yote ukipiga kisigino kwa nguvu kila hatua chache, kisha pitisha pikapu yenye mzigo kwa kasi, huku na huko. Kisigino kikizama, au dereva akirushwa kitini, ndege isiitwe. Na jaribio hilo lifanywe siku ile ile, si wiki iliyopita, maana kichuguu hakingoji kibali. Mvua ikikatika kinaota katikati ya njia, na usiku hakina kivuli.

Katika ukanda wa miwa, Muhoroni, Chemelil hadi Mumias, hatari iko mwishoni mwa njia. Muwa uliokomaa unafika mita 4. Rubani anayetaka kuupita kwa mita 10 za akiba, akishuka kwa pembe ya kawaida ya digrii 3, atagusa chini mita 267 baada ya shamba. Akishuka kwa digrii 6, mita 133. Ndiyo maana ndege hizi hushuka kwa pembe kali, na ndiyo maana muwa ulioachwa umee hadi ukingoni unakula uwanja bila mtu kuiba hata inchi moja ya ardhi. Moto wa kuchoma majani kabla ya mavuno nao ni balaa la pili: moshi unalala chini usiku, na miali kutoka angani inafanana na taa zilizopangwa.

Anayekuja Kisumu kutoka upande wa ziwa hukutana na mtego mwingine. Chini yake ni giza tupu, mbele kuna taa za mji peke yake. Jicho lisilo na kitu cha kulinganisha humwambia yuko juu mno, naye anashuka zaidi, na anaendelea kushuka. Dawa ni kutoliamini jicho bali kufuata saa ya mwinuko hadi taa za njia ziwe wazi.

Wengine watasema leo kuna miwani ya kuonea usiku. Ipo, na inasaidia sana. Lakini inaonyesha eneo la takriban digrii 40 tu, mfano wa kutazama kupitia mabomba mawili, na haipimi vizuri umbali wa kutoka ndege hadi nyasi, jambo ambalo rubani analihitaji kuliko yote sekunde za mwisho. Haizalishi mwanga, inakuza uliopo. Kwa hiyo mwenye nia njema anayewasha taa kubwa za gari ili kumsaidia rubani anamziba macho: ile taa inavimba kwenye miwani kama mwezi, na kila kilicho karibu nayo kinapotea. Taa hafifu zilizopangwa vizuri zinashinda taa kali zilizowekwa ovyo. Boda boda zote zizimwe taa, na umati ukae mbali.

Mto Nzoia umewahi kuvunja kingo na kuifunika Budalang'i, na barabara zikikatika ni ndege za jeshi zinazotazamiwa kuleta chakula na kuwatoa wagonjwa. Mafuriko hayachagui mchana. Tunawaomba wanaopanga pesa za viwanja vidogo vya magharibi wasiishie kwenye kurefusha. Mitaro ya kando izibuliwe kabla ya Machi. Nyasi zisizidi sentimita 20. Miwa na mikaratusi irudishwe nyuma pande zote mbili, na nguzo za umeme zilizo karibu zichorwe kwenye ramani anayopewa rubani. Chifu na vijana kumi wa kila eneo wafundishwe kupanga taa tatu, kusoma upepo wa usiku na kupima ardhi kwa kisigino. Ni kazi ya siku mbili. Tochi ziwe nne, ya nne ni ya akiba, na betri zijaribiwe jioni ile ile. Atakayesimama kwenye taa ya kwanza ndiye awe na ufunguo wa lango, na awe anajua mlango wa ndege inayokuja uko upande gani, ili mtu yeyote asikatize mbele ya pangaboi linalozunguka gizani.

Mafundi wastaafu wa ndege,
Kisumu