Mawe ya Mwanza hayakurushwa na volkano

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Kuna msomaji mwenzetu aliandika hapa kwamba mawe ya Mwanza yalirushwa na volkano zamani, yakaangukia milimani yakabaki yamebebana hivyo hivyo. Sio yeye peke yake, hata kwenye daladala nimeshasikia watu wazima wanabishana hayo hayo na konda anaamua kesi. Sasa jamani, mji mzima tunajiita Rock City alafu tukiulizwa mawe yenyewe yametoka wapi tunapiga ramli!

Jiwe la hapa ni granaiti, na granaiti haitoki angani. Zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, magma, yaani mwamba ulioyeyuka kwa joto, ilinasa chini ya ardhi kilomita kadhaa, haikufika juu, ikapoa taratibu mno, na kwa kuwa ilipoa taratibu chembe zake zikapata muda wa kukua mpaka leo unaziona kwa macho bila miwani. Okota kokoto yoyote iliyopondwa Mabatini au Igogo uigeuze juani. Zile chembe za kijivu zenye mng'ao wa kioo ni kwazi, nyeupe au za pinki ni felspari, na vile vyeusi bapa vinavyobanduka kwa ukucha ni ulanga. Jiwe la volkano linapoa haraka, chembe zake ni ndogo hata huzioni, nenda Arusha au Moshi ukaangalie yale meusi utanielewa.

Haya, yamefikaje juu? Udongo na miamba iliyokuwa juu yake ililiwa na mvua na mito kwa mamilioni ya miaka mpaka granaiti ikabaki wazi. Na granaiti ina nyufa, maji yanaingia kwenye nyufa, felspari inaoza inakuwa udongo wa mfinyanzi, pembe zinaliwa haraka kuliko ubavu kwa hiyo bonge linazidi kuwa duara, linabanduka kama maganda ya kitunguu, alafu mvua inasomba ule uchafu wa katikati na mabonge yanabaki yamekaa juu ya mwenzake. Lile jiwe la Bismarck pale majini ni hivyo hivyo, Mjerumani aliacha jina tu. Wapasua mawe wetu wanaochoma matairi juu ya mwamba wanaijua tabia hii kuliko sisi wa vitabuni, moto unatanua ngozi ya juu, ndani bado ni baridi, linaachia bapa. (Sisemi wasipasue, kuna watoto wanalipiwa ada kwa hizo kokoto.)

Kinachoniuma ni shuleni. Mwanangu yuko kidato cha pili, amekariri aina tatu za miamba neno kwa neno na mtihani anapata, lakini dirisha la darasa lao linatazama jiwe kubwa kuliko darasa lenyewe na hajawahi kutolewa nje hata siku moja akaambiwa lishike, hii ndio ile ya kwenye daftari. Alinionyesha mchoro wa granaiti aliochora kwa penseli. Mchoro!

Aliniuliza pia kama tukipasua mawe ya Capri Point tutapata visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhika ndani ya mawe. Hatupati, magma ingeunguza kila kitu, na zama hizo viumbe vilikuwa vijidudu tu, hakuna mfupa wala ganda. Visukuku vinataka mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama, au majivu ya kuvifunika. Na huhitaji kwenda mbali, ziwa hili hili la Victoria, upande wa Kenya kisiwa cha Rusinga, mwaka 1948 mtafiti wa mabaki ya kale Mary Leakey alipata fuvu la nyani wa kale wa miaka kama milioni 18, mabaki ya kule yametunzwa vizuri kwa sababu ya majivu ya volkano. Kwa hiyo volkano msomaji mwenzetu anayoitafuta ipo, ila iko kule.

Ziwa lenyewe sasa ni mtoto mbele ya haya mawe. Bara letu linachanika taratibu, Bonde la Ufa lina mikono miwili na sisi tumekaa katikati juu ya bamba dogo la Victoria, yaani kipande cha ganda la dunia, ambalo vipimo vya GPS vinaonyesha linazunguka kinyume na mshale wa saa. Mkono wa magharibi ulipoinua ardhi, mito kama Kagera iliyokuwa inaelekea magharibi ikageuzwa, maji yakajaa kwenye bonde hili pana. Ndio maana Victoria kina chake hakifiki hata mita 90 wakati Tanganyika, lililoko ndani ya ufa wenyewe, lina zaidi ya mita 1,400. Na lile tetemeko la Bukoba la Septemba 10, 2016, la ukubwa wa 5.9, lililoua watu na kubomoa nyumba, halikuwa laana ya mtu, ni kuchanika huko huko.

Ombi langu ni dogo, gazeti litafute mjiolojia, Geita migodini wamejaa, aandike japo safu fupi kwa Kiswahili kuhusu mawe ya kanda yetu. Na walimu wa jiografia wa Mwanza, nyundo haizidi bei ya vocha, watoeni watoto nje.

Msomaji wenu,
Igogo, Mwanza