Mto Ulioiacha Pampu

Nairobi, Jumapili usiku

Mpendwa Hadija,

Salaam nyingi. Huku sote wazima, baridi tu imetukaba. Umenyamaza miezi, halafu unaniletea hotuba yako kuhusu Hola, ule mji wetu kando ya mto Tana, kurasa nne na unataka majibu kabla ya Jumamosi! Haya.

Kwanza idadi. Wafungwa wa Mau Mau waliouawa kwa kipigo kambini Hola tarehe 3 Machi 1959 ni 11, si 10 kama ulivyoandika. Na usiufiche ule uongo: serikali ya mkoloni ilitangaza eti walikufa baada ya kunywa maji. Wafungwa wa kambi ile ndio waliochimbishwa mifereji ya skimu ya kumwagilia mashamba, kwa hiyo ukisimulia kilimo cha Hola huwezi kukiruka kifo.

Lakini mto, jamani! Unaandika eti skimu ilikufa kwa "uvivu wa wakulima"? Nani kakwambia? Mwaka 1989 Tana ilihama, pampu zikabaki nchi kavu. Waeleze watoto hivi: penye kona, maji yanaguguna ukingo wa nje na kutupa mchanga upande wa ndani. Kona inazidi kujipinda hadi inabaki na shingo nyembamba. Yakija mafuriko yanaikata, na mto unapita hapo. Kona ya zamani inageuka ziwa. Ukichimba mfereji kuyafuata maji, tope linaujaza. Pamba ikakosa maji, mathenge, kile kichaka cha miiba, ikateka mashamba: mbuzi anakula maganda yake, kisha anapanda mbegu kwa kinyesi, bila malipo.

Halafu mafuriko si ya mvua ya Hola. Maji yanatoka Mlima Kenya na Nyandarua, yanaweza kufika Hola wakati jua linawaka. Yakipungua, Wapokomo, wakulima wa kando ya mto, wanatia mpunga mabondeni, mahindi kwenye tope linaloanza kukauka, migomba juu ya kingo. Ndiyo maana nakwambia anza na mto.

Malka umezipa mstari mmoja tu! Ni njia za ng'ombe wa wafugaji Waorma kushukia mtoni katikati ya mashamba. Shamba likiziba malka wakati wa kiangazi, ng'ombe watapita juu ya mahindi. Kisha watu wakigombana, sisi huku Nairobi tunasema "ukabila". Lakini nikianza hilo hatutalala.

Utasoma wewe au Buya? Watoto ni wa darasa la ngapi? Wanajua Kipokomo? Maana ungewaimbia ule wimbo wa kubembeleza mtoto uliotoa sauti ya wimbo wetu wa taifa. Na ile ramani yangu, bado iko kwa Mama Amina, au ameshafungia maandazi?

Wako,
Komora